Je, Kazi Nyingi Ndizo Maendeleo?

Liko neno moja lisilokosekana siku hizi katika mikutano na maongezi ya barazani, nalo ni neno "mwekezaji". Watu husema hivi: akija mwekezaji, kazi zitapatikana, kazi zikipatikana, fedha itazunguka, fedha ikizunguka, nchi yetu nayo itaendelea. Maneno haya ni matamu, tena yana ukweli ndani yake, wala sitaki kuyatupa yote. Lakini sisi wa Songo, na wa Uvira yote toka Kavimvira mpaka Kalundu, tumeuona mnyororo huo ukikatika pete baada ya pete. Kwa hiyo nilipopata kitabu kinachochunguza jambo hilo hilo, nilikisoma kalamu mkononi, na leo nataka kukipima mbele yenu.

Kitabu chenyewe ni taarifa ya mwaka 2015 ya lile shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa tunaloliita PNUD. Jina lake kwa lugha yetu ni "Kazi kwa ajili ya maendeleo ya binadamu". Taarifa za namna hii hutolewa tangu mwaka 1990. Aliyezianzisha ni Mahbub ul Haq, mtu wa Pakistani, akisaidiwa na rafiki yake Amartya Sen wa India. Wakati ule serikali zilizoea kupima maendeleo kwa hesabu ya mali tu: nchi imechimba kiasi gani, imeuza kiasi gani. Hao wawili walisema: watazameni watu wenyewe. Je, waishi miaka mingapi? Je, wamesoma? Je, wana riziki ya kutosha? Wakatunga alama moja kutokana na mambo hayo matatu, na kila nchi hupewa alama yake kati ya sifuri na moja.

Taarifa ya 2015 inaanza na jambo jema ambalo wengi wetu hulisahau. Inatenga kazi na ajira. Ajira ni kazi yenye bwana na mshahara. Kazi ni neno pana zaidi. Mama anayemwogesha mgonjwa anafanya kazi. Mkulima wa mihogo katika bonde la Ruzizi anafanya kazi. Kijana anayefundisha wanakwaya bila malipo anafanya kazi. Tena taarifa inasema wazi ya kwamba kazi na maendeleo ya binadamu hazifuatani zenyewe kama mchana na usiku: iko kazi inayomjenga mtu, iko na kazi inayomvunja, kama ile ya kulazimishwa au ile wanayotwikwa watoto. Wasomaji wetu wataona kwamba neno hili si geni sana. Papa Yohane Paulo II aliliandika mwaka 1981 katika barua yake juu ya kazi, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Lakini waraka wa Papa hauna majedwali, na taarifa hii inayo.

Hebu tuchukue jedwali moja tu. Wataalamu hao walijumlisha kazi zote za ulimwengu, zenye malipo na zisizo na malipo. Wakaona kwamba wanawake hufanya asilimia 52 ya kazi hizo, na wanaume asilimia 48. Lakini katika kazi zote hizo, zenye malipo ni asilimia 59, na wanaume wanashika 38 na wanawake 21. Zisizo na malipo ni asilimia 41, na hapo mambo yanageuka: wanawake 31, wanaume 10. Maana yake ni kwamba mwanamke hufanya zaidi na kulipwa kidogo. Ukitaka ushahidi usiende mbali. Simama njiani hapa Songo kabla ya jua kutoka, uhesabu ni nani wamebeba bidoni za maji kichwani, na ni nani bado wamelala.

Kwa hayo nakisifu kitabu hiki bila kusitasita. Sasa niseme kinaponipotea.

Kwanza, kinapima nchi nzima kwa kamba moja. Katika orodha yake ya nchi 188, Kongo yetu ilikuwa ya 176 na alama 0.433, Burundi ilikuwa ya 184 na alama 0.400. Basi kwa hesabu hiyo mtu wa Uvira alimshinda jirani yake wa Bujumbura. Kumbe usiku tukitazama ng'ambo ya ziwa, taa tunazoziona ni za Bujumbura, na kwa miaka mingi mgonjwa wetu aliyeshindikana hapa alikuwa akivushwa Gatumba kwenda kutafuta daktari huko huko. Nani basi alimshinda nani? Alama ya Kongo imechanganya Kinshasa na Fizi, Lubumbashi na Lemera, kama mtu anayepika wali na ndagala na mawe katika chungu kimoja, kisha akasema chakula kina uzito wa kutosha. Ni kweli kwamba tangu 2010 wameongeza hesabu nyingine inayopunguza alama ya nchi kwa sababu ya tofauti kati ya matajiri na maskini. Hata hivyo, hiyo nayo ni ya nchi nzima. Haituambii tofauti hiyo imelala wapi.

Jambo hili si la kuchezea, maana ndipo pete ya kwanza ya mnyororo ilipokatikia. Mwaka 2014 uchumi wa Kongo ulikua kwa asilimia 9 na zaidi, kasi ambayo nchi nyingi za Ulaya hazijaiona kwa miaka mingi. Ulikua wapi? Zaidi kule Katanga, kwenye shaba na kobalti. Mashimo yale yakachimbwa, malori yakaenda kusini kuelekea Zambia, na vitabu vya Kinshasa vikaandika ya kwamba nchi imekua. Bandari yetu ya Kalundu haikusikia kishindo hicho. Ukuaji wa uchumi si mvua, hauwanyeshei watu wote. Hufuata barabara, na barabara yetu kila mtu anaijua.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, kitabu kinamtazama mfanyakazi mmoja mmoja: nafasi zake, ujuzi wake, mapato yake, hiari yake. Hakiulizi vya kutosha juu ya mahali anapoishi. Yaani, bwana wa kazi akiondoka, pale mahali panabaki na nini? Mimi naona ya kwamba swali hilo lapaswa kutangulia swali la idadi ya kazi, na mwalimu wetu katika hilo yuko karibu. Jina lake Kiliba.

Vijana waliozaliwa juzi wanaijua Kiliba kama jina la mahali kaskazini ya mji, bondeni. Wazee wanaijua kama kiwanda cha sukari. Kilijengwa katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mashamba ya miwa yakatandazwa kando yake, na kwa miaka zaidi ya thelathini bonde lote lilihesabu siku kwa mshahara wa Kiliba. Siku ya malipo ilijulikana hata na muuza mukeke aliyekuwa hajui kusoma. Wakata miwa, mafundi wa mitambo, madereva, makarani, wauguzi, walinzi, wote walikula kwa mkono mmoja. Na nyuma yao walikuwapo wauza sombe, washonaji, wenye baiskeli za kubeba mizigo. Kampani ndiyo iliyotoa nyumba, ndiyo iliyotibu, ndiyo iliyowasha taa. Mtu akitaka kuonyesha kwamba uwekezaji huleta kazi, na kazi huleta maisha, hapati mfano mzuri kuliko huo. Wala sisemi kwa kejeli.

Kisha vita vya mwaka 1996 vikapita bondeni, na kiwanda kikazimika. Ndipo ilipoonekana jinsi mji ule mdogo ulivyojengwa. Kila kitu kilikuwa kimetundikwa katika msumari mmoja. Mshahara ulipokatika, hakikukatika mshahara tu: matibabu yalikatika, maana yalikuwa ya kampani, nyumba ikawa ya wasiwasi, maana ilikuwa ya kampani, ujuzi wa fundi ukakosa pa kushika, maana hapakuwa na mtambo mwingine wa namna ile mpaka uvuke mipaka. Mwenye kijishamba cha mihogo pembeni alikula. Asiye nacho alianza upya na umri wa miaka hamsini. Katika miaka ya 2010 palikuwa na jitihada za kukifufua kiwanda, na kila mara ahadi ilipotangazwa watu waliuliza swali lile lile: wataandika watu wangapi? Huku nyuma chai ya Uvira ilikolezwa sukari iliyovuka mpaka.

Nasikia mtu ananijibu: "Mwalimu, wewe una mdomo. Heri Kiliba iliyoanguka kuliko Kiliba isiyokuwapo. Wewe wadharau mshahara?" Ndugu yangu, siudharau hata kidogo. Nafundisha katekisimu kwa watoto, na najua ni wangapi walioacha darasa la shule kwa sababu ya karo. Tangu miaka ya tisini wazazi wa nchi hii ndio waliowalipa walimu, mpaka serikali ilipotangaza shule ya msingi ya bure mwezi wa Septemba 2019. Katika miaka ile yote, nyumba yenye mshahara ilisomesha, na nyumba isiyo na mshahara ilichagua mtoto wa kumrudisha nyumbani, na mara nyingi alikuwa msichana. Kwa hiyo mshahara ni kitu kikubwa. Lakini tazama vizuri hoja yako yenyewe: mshahara ulikuwa na nguvu ile kwa kuwa shule ilikuwa haina mlipaji mwingine. Kama shule ingelindwa kwa njia nyingine, kuzimika kwa kiwanda kusingemfukuza mtoto darasani.

Sasa niwape mfano wa upande wa pili, ambao wenye kuhesabu ajira hawautazami. Ni maji.

Mwaka ule ule wa 2015 wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na wenzao, walitoa uchunguzi wao juu ya mji wetu wa Uvira. Walichukua daftari za REGIDESO za kila siku, maji kiasi gani yametoka mtamboni, toka 2009 hadi 2014, wakachukua na daftari za kituo cha kutibia kipindupindu, wagonjwa wangapi wameingia, wakaziweka pamoja. Wakaona kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu. Yaani, palipotazamiwa wagonjwa 10 walikuja kama 25. Tena walikadiria ya kwamba karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne alitokana na maji kupungua mabombani. Sababu si ya kuumiza kichwa. Robine ikikauka, bidoni zinateremka ziwani na mtoni.

Basi uliza: kuutengeneza mtambo ule, kutandaza mabomba, kuongeza matangi, kunaleta ajira ngapi? Chache. Mafundi kadhaa, vibarua wa kuchimba mitaro, akina mama wa kupokea senti kwenye robine ya mtaa. Mwekezaji wa namna hiyo akija kwenye mkutano na kusema, "Nitaajiri watu arobaini", hatapigiwa makofi. Lakini fedha yake inamrudishia mama saa zake za alfajiri, inamwacha binti afike shuleni kabla ya kengele, inamwondolea mvuvi siku kumi za kulala hospitalini na deni la baada yake. Kazi ya mji mzima inakuwa na nguvu, ingawa walioajiriwa ni wachache. Hapa kitabu cha PNUD kilikuwa na silaha mkononi, yaani ile hesabu ya kazi isiyolipwa, na kinaitaja vizuri katika sura ya nne. Lakini kinapofika kwenye mashauri ya mwisho kinapanda juu mno. Kinashauri mkataba mpya wa kijamii, mapatano ya dunia nzima, na mpango wa kazi zenye heshima. Ni maneno mazuri, nami nayapenda. Ila mkataba hutaka wawili, na mtu wa Songo akiulizwa atasaini na nani, atatazama huku na huku.

Wala sisemi maji hayawezi kuanguka kama Kiliba. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi, ukabomoa maelfu ya nyumba, na mtambo wa maji nao ukapata hasara. Hata hivyo ona tofauti: mtambo ule ulikuwa wa wote, hata wafadhili na wakuu hawakuweza kuuacha; ilibidi utengenezwe. Kiwanda cha mtu mmoja kikilala, watu husema ni shauri lake.

Na umeme ni vivyo hivyo. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha jumuiya ya CEPGL, na tunda lake moja ni kituo cha Ruzizi ya Pili, kilichoanza mwaka 1989 na kumilikiwa na nchi hizo tatu kwa pamoja. Wakuu wamegombana mara nyingi tangu hapo, jumuiya yenyewe ililala usingizi kwa miaka, lakini mto ule uliendelea kuzungusha mashine, na kinu cha unga na chuma cha mchomeleaji vikapata moto wake. Mchomeleaji hayumo katika orodha ya watu walioajiriwa na kituo, lakini pasipo kituo hana kazi.

Nililosema juu ya bonde letu limetokea na kwingine, tena mahali penye busara kutuzidi. Kule Mumias, magharibi mwa Kenya, kiwanda cha sukari kilianza kazi mwaka 1973, na kwa utaratibu mwema: sehemu kubwa ya miwa ililimwa na wenyeji katika mashamba yao wenyewe, nacho kiwanda kikanunua. Kwa miaka mingi Mumias ilisifiwa kama mfano wa kuigwa. Nacho kikaanguka; mwaka 2019 kikawekwa chini ya msimamizi wa benki. Wakulima walidai fedha zao, wakang'oa miwa kwa hasira. Lakini baada ya kuing'oa, ardhi ilikuwa bado yao, wakapanda mahindi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuanguka na kuanguka. Anayezungumza nasi juu ya kuifufua Kiliba, aulizwe kwanza shamba litakuwa la nani.

Jambo la tatu nitalipita upesi. Sura ya tatu ya kitabu inapenda mno habari za kompyuta na kazi za kidijitali. Msomaji wa Songo atatabasamu, maana mara nyingine umeme huja tu kusalimia. Lakini tusicheke kupita kiasi: simu imemsaidia mama wa biashara ndogo kutuma fedha Baraka bila kuzifunga kwenye kitenge, na katika hilo waandishi waliona mbele kuliko sisi.

Kuna mahali pamoja ambapo kitabu, bila kukusudia, kilizungumza juu yetu. Mwezi wa Desemba 2025 M23 waliingia Uvira, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Waliondoka na nini? Aliyekuwa na ajira aliiacha mezani. Mshonaji aliyefaulu kubeba cherehani alishona kambini. Mkunga alizalisha. Mwalimu alikusanya watoto chini ya turubai. Kama kazi ni ajira tu, watu hao hawakuwa na kazi siku ile; kwa maana pana ya kitabu, walikuwa nayo, na ndiyo iliyowaweka wima. Naliona jambo hilo kuwa nguvu ya taarifa hii, kuliko alama zake zote.

Kwa hiyo siku atakapokuja tena mwekezaji, awe wa sukari, wa dhahabu au wa bandari, ningependa mtu mmoja barazani anyanyue mkono kabla ya wale wa kuuliza idadi ya watu. Aulize: bomba mtakalolivuta kwa ajili ya mitambo yenu, litapita mtaani au litaupita mtaa? Zahanati itaandikwa kwa jina la kampani au la mji? Vijana wetu watafundishwa kuitengeneza mashine, au kuifagilia tu? Na shamba, kama nilivyokwisha kusema. Bwana mwenye nia njema hatachukia maswali hayo, na asiye nayo tutamjua mapema.

Anayetaka kukisoma kitabu hiki asiogope unene wake. Asome sura ya kwanza na ya nne kwa makini, ya sita kwa subira, na ya tatu akipata nafasi. Sura ya nne ningeomba isomwe kwa sauti, ikifasiriwa, katika mkutano wa akina mama. Tena akina baba wawepo, wakae mbele.